Ukuta wa Noé Unatafuta Historia

Benchi letu liko mbele ya salon ya Noé, kinyozi, karibu na Flagey, Bruxelles. Kila samedi tunakaa pale na thermos ya kahawa: Tonton Constant wa Lubumbashi, tunamuita Sénateur maana hajawahi kukosa la kusema, Bienaimé wa Bukavu, anasukuma vitanda hospitali kule Jette, upande wa pili wa mji, tunamuita Docteur ili afurahi, na miye, niliyeacha masomo mapema ili wengine nao wapate kuwa wa kwanza. Jumamosi hiyo palikuwa na kazi. Commune, manispaa ya hapa, imekubali ukuta wa Noé uchorwe historia ya mtaa. Mchoraji ni Graciella, mpwa wa Sénateur, na ni ukuta wake wa kwanza. Mchoro wa karatasi lazima autume leo jioni, la sivyo ukuta unaenda kwa watu wa vélo, wachore baiskeli zao.

— Bon, Graciella akasema, kalamu mukononi. Historia ya quartier inaanzia wapi?

— Lubumbashi, Sénateur akajibu, kahawa bado mdomoni.

— Tonton, quartier iko Bruxelles.

— Na shaba ya kwetu? Waya zote za umeme hapa ni siye! Chora cheminée kubwa ya kiwanda, inatoa moshi, na miye chini yake, na cravate shingoni.

— Ati shaba! Docteur akadakia. Kuko muntu anakunywa shaba asubuhi? Hawa wazungu walikuwa wanalala mpaka midi, jua utosini. Kahawa ya kwetu Kivu njo iliwaamusha. Chora ziwa.

— Ziwa liko pale Flagey, na bata ndani, Graciella akasema.

— Ile ni ziwa? Ile ni sahani ya supu!

Nikaona wazee wanapotea, nikawasaidia:

— Graciella, chora miye. Mbele ya miye kufika, hapa hakuna muntu alijua kuvaa.

— Weye ulifika mutoto muchanga ndani ya poussette, Sénateur akasema.

— Donc? Niliingia nayo na style.

Graciella akakosea: akaanza kuchora kila anayetajwa, ili apate amani. Kwetu, ukimusahau muntu mumoja kwenye picha ya ndoa, hata kwenye matanga yako hatakuja. Majina yakamwagika toka kila upande wa benchi.

— Weka Maman Sidonie, njo alituletea pondu, kisamvu cha kwanza hapa.

— Na Papa Anaclet, atakasirika.

— Alisharudia Bukavu!

— Atakasirikia kule kule.

— Na Rolande.

— Rolande alifanya nini?

— Hakuna kitu. Lakini munamujua Rolande!

Sénateur akasimama. Akasema barabara hii ilijengwa pana maana wazungu walishajua siku moja ndoa zetu zitapita hapa. Docteur akasema hata mvua ya Bruxelles ilipungua tangu watu wa Kivu waanze maombi.

— Imepungua wapi? nikauliza, maji ya mvua toka paa la Noé yananidondoka shingoni.

— Weye hujui ilikuwaje zamani.

Karatasi ikajaa vichwa. Graciella akajifuta jicho.

— Tonton, hii haiko historia. Hii ni foleni ya viza kwenye ambassade. Commune watanicheka, ukuta wangu unaenda.

Tukaondoa vidole kwenye karatasi wote. Hata miye.

Mlango wa ngazi, pembeni ya salon, ukafunguka. Kijana tusiyemjua akatoka na sahani ya maandazi.

— Shikamooni. Naitwa Abdul-Aziz, natoka Tanga. Nimehamia juzi hapo juu. Sorry, nawakatiza. Nilitaka kupita kwa majirani niwasalimie. Ninyi mnakaa nyumba zipi?

Sénateur akamtazama Docteur. Docteur anakaa Jette. Sénateur, Jette vilevile. Noé mwenyewe akifunga salon anaenda kulala Vilvoorde, nje ya mji. Miye niko Anderlecht, kwa maman. Rolande sijui, lakini hapa hapana. Miaka yote tunapigania mtaa huu, na kila samedi jioni tunaukimbia na tram, treni ya mjini.

— Mna-ka-a wapi? kijana akarudia taratibu, akidhani Kiswahili chake ndicho kibaya.

Sénateur akajaza andazi mdomoni. Graciella akageuza karatasi. Akachora tram, milango wazi, watu kama siye wanashuka wamevaa vizuri, mikono tayari hewani kwa ubishi. Alichora haraka, hakumuuliza muntu kitu.

Sénateur akainama juu ya bega lake, akatazama sana.

— Mutoto, akasema polepole, miye uniweke dirishani.