Mlango wa Nyuma wa Mama Cherehani

Benchi letu linatazamana na duka la Mama Cherehani. Kibao cha ushonaji bado kinaning'inia, ila nguo hashoni siku hizi. Alianza kwa kumlaza jirani aliyepigwa na mumewe, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Akaja mwingine na wanawe, Mama Cherehani akakodi chumba cha pili, kisha cha tatu. Sasa ana mpaka mwanasheria. Jambo hilo linatuwasha sisi wa benchi, na asubuhi ile tulikuwa wanne: Redio, kinyozi asiyezimika; Profesa, aliyewahi kufagia chuo kikuu; Makufuli, fundi vitasa; na mimi, fundi viatu, nimechoshwa na porojo lakini siondoki. Pembeni alikaa mgeni mmoja, shati limenyooka kwa pasi. Alitununulia kahawa wote kwa muuza kahawa wa pale benchini, tukampenda papo hapo.

— Alfajiri kaingia mwingine, akasema Redio. Kajifunika uso mzima, mtoto mgongoni.

— Mtoto ana sweta ya kijani? mgeni akauliza taratibu.

— Hiyohiyo! Redio akafurahi kupata msikilizaji. Wanafundishwa kiburi mle. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Mke si samaki, nikamwambia.

— Hamjafanya utafiti, akadakia Profesa. Wale wanaunda serikali. Leo vyumba vitatu, kesho mtaa mzima, keshokutwa unaomba kibali kwa mkeo kuja kunywa kahawa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na mwanasheria? nikauliza.

— Huyo ndiye waziri mkuu.

Makufuli akatikisa kichwa.

— Mnabahatisha. Vitasa vya mle nimefunga mimi. Mlango wa mbele huo haufunguki hata ukija na tingatinga. Wao wanatokea mlango wa nyuma, gari linawachukua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo mimi.

Tukacheka. Mgeni hakucheka. Alipotua kikombe, nikaona vifundo vya vidole vyake vimechubuka, vidonda vibichi.

— Kaka, akamwambia Makufuli, huo mlango wa nyuma unatokea wapi?

Hakuna asiyejua. Tumekulia mtaa huu. Makufuli alifungua mdomo, akaviona vile vidole, akaufunga. Mimi niliogopa, tena niliona aibu, maana tulikuwa tumeshamwaga mchele kwenye kuku wengi.

— Kahawa imekwisha, akasema muuza kahawa. Birika lilikuwa bado linafuka moshi. Akalibeba, akakata kona kuelekea nyuma ya nyumba zile, nami nikajua anakwenda kugonga mlango ule awaonye.

— Nimeuliza, mgeni akasema.

— Mlango gani? akajibu Makufuli.

— Si umesema umefunga wewe?

— Mimi mwongo, ndugu yangu. Waulize hawa.

— Mwongo sana, akasema Profesa.

— Tangu utotoni, akaongeza Redio, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Tangu benchi lile liwekwe, hatukuwahi kukubaliana jambo hadi siku ile. Mgeni alitutazama mmoja mmoja, kisha akageukia duka la Mama Cherehani, akakunja mikono, akatulia.

Hakuondoka. Wateja wa Redio walifika, wakasimama mlangoni kwake, wakamwita. Hakugeuka. Hakuna aliyefanya kazi siku ile. Mgeni alipojaribu kunyanyuka, tulinyanyuka wote kumzibia njia, akakaa, na sisi tukakaa.