Fundi Kyu, Mpanga Herufi, na Maneno Yaliyobaki

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, asanteni kwa kuja kutushika mkono. Familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, nisome maisha ya kaka yetu, wamenisihi nisitie chumvi, nami nimewaahidi kwamba chumvi yote mtakayoionja humu aliitia mwenyewe.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Kyu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, katika chumba cha uani cha nyumba ya bibi yetu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na mama alizoea kusema kwamba alitoka amekunja uso kama mtu aliyekatizwa kusoma. Alianza shule ya msingi Januari 1962, akaishia darasa la saba mwaka 1968, si kwa uzito wa kichwa, bali kwa sababu baba alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi ghorofa ya watu, na nyumba ikahitaji mikono kuliko vyeti.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji nyuma ya soko kuu, kwanza kufagia, baadaye kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume, na kadi za harusi za nusu ya wazee waliokaa hapa zilipita mikononi mwake. Huko aliona kwamba A na E zimelika kama meno ya kikongwe, lakini Q, ile kyu iliyokuja kumpa jina, inang'aa kana kwamba imenunuliwa jana. Msimamizi akamweleza kwamba Kiingereza hakina kazi nyingi na Q, tena haitoki nyumbani bila U nyuma yake, kama bibi harusi na mpambe wake. Kaka hakukubali, maana alikuwa mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani, akatafuta kamusi kuukuu ya Kiingereza, na kila mchana wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki akiwinda Q zinazotembea peke yake.

Akazipata. Alileta faqir, akasema huyu si ndiye fakiri wetu, akaleta waqf, akasema hii ni wakfu yetu, wamekwenda ugenini wakavishwa makoti, lakini mwendo ni ule ule. Alileta qanat, mfereji unaochimbwa chini ya ardhi kupeleka maji kwenye nchi kavu, akaleta qiviut, manyoya laini ya ndani ya mnyama wa nchi za barafu, akaleta na tranq, dawa ya kumtuliza mtu. Msimamizi alibaki kinywa wazi, na wapo wanaosema nzi aliingia, akatazama, akatoka, ila hilo mimi sikuliona.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mshonaji wa magauni aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza inayotazamana na kiwanda, ingawa ndoa yenyewe ilikuwa karibu kuharibika siku ya posa, pale bwana harusi alipoanza kumhesabia mkwe maneno yake, akafika kwenye talaq, mkwe akainuka na binti yake, ikabidi wazee waombe radhi mpaka koo zikakauka. Shemeji alimpenda mumewe, ila maneno yale hakuyapenda, akiapa kwamba hatayagusa kwa sababu hayatungi uzi kwenye sindano. Walijaliwa mapacha wa kike tarehe 4 Agosti 1979, na tangu hapo hakumwita mkewe jina lingine ila Mama Pacha, akianza kuliita tangu barabarani, kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Septemba 1998, kompyuta zilipoingia, akahamia barazani kwa mkewe kushona vifungo, na mteja aliyefuata gauni aliondoka na gauni na neno.

Asubuhi ya tarehe 3 Machi 2021 alianguka akinyoa ndevu, kumbe ni kiharusi, mkono wa kulia ukalala, na maneno yakamtoka, lakini si yote. Maji, mkate, mlango, majina ya wanawe, yote yalikwenda, yakabaki yale aliyoyawinda. Daktari alisema kila mgonjwa hupoteza kwa namna yake. Akitaka maji alisema qanat, akisikia baridi alisema qiviut, maumivu yakimzidi alisema tranq, na mabinti zake wakitoka nje kulia. Mama Pacha hakutoka. Alivaa miwani yake ya kushonea, akaifungua ile kamusi ya maneno aliyoapa kutoyagusa, akajifunza neno baada ya neno, na mawifi walipomwambia apumzike aliwajibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye.

Jambo moja tu lilimuuma, wala hakulificha, kwamba katika maneno yote hayo hapakuwa na lake. Alipekua kurasa akitafuta Q moja ambayo mtu angeweza kumwitia mke, hakuiona. Siku moja akimfunika shuka alimuuliza, "Na mimi je, baba? Mimi unaniitaje?" Marehemu alimtazama, midomo ikahangaika, machozi yakamtoka, na shemeji akaenda uani kufua nguo zilizokuwa safi, wala hakuuliza tena.

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, hali ilibadilika. Mama Pacha alileta maji, akaleta blanketi, akaleta dawa, akafungua dirisha, akalifunga, na kwa kila kitu marehemu alitikisa kichwa kukataa. Alipokuwa anakwenda kuleta kingine, akasikia nyuma yake neno la kila siku, neno ambalo hata mtoto analo.

"Kaa."

Akaweka kikombe chini, akakaa kitandani, marehemu akaweka mkono wake mzima juu ya paja la mkewe, na alasiri ile akakata roho. Shemeji hakutuita mara moja, aliendelea kukaa, kwa kuwa ameambiwa akae.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotubebea maji na viti, wenzake wanne wa kiwandani waliokuja wakitegemea fimbo, na wateja ambao magauni yao yamechelewa na hawajasema kitu. Mama Pacha ndiye yule pale, kando ya jeneza, mpeni pole palepale alipo, tafadhali msimwinue.

Kaka yetu, fundi wetu, kazi umeimaliza, pumzika sasa kwa amani.