Mzee Dadu, Mpangachapa Aliyeitii Barua

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Dadu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili wa fundi baiskeli na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Siku moja mama yake alimwambia asiondoke kizingitini mpaka arudi. Uzazi aliokwenda kusaidia ukachelewa, akarudi baada ya saa tano na kumkuta palepale, suruali imelowa.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1984. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama mpangachapa, yaani mpangaji wa herufi za kuchapwa, akakaa miaka thelathini na minane kwenye meza iliyo jirani na mashine ya kukatia karatasi.

Hapo kiwandani wenzake walimfundisha mchezo uliompa jina: mmoja husimulia kisa, wengine huingia ndani yake kama wahusika, na dadu huamua nani anapona. Ndipo alipompata mkewe, mshonaji, aliyekuja kumwita kaka yake, mmoja wa wachezaji, arudi nyumbani, akaombwa acheze zamu moja. Kwa zamu hiyo aliua joka.

“Joka hilo nimeliandika wiki tatu,” marehemu alimwambia.

“Ungeliandika lenye nguvu, basi.”

Walifunga ndoa tarehe 17 Septemba 1994, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2002 kampuni inayomiliki mchezo huo ilitoa ruhusa ya wazi: mtu yeyote angeweza kutumia kanuni zake kutunga visa vyake mwenyewe, kuvichapa na kuviuza, miaka yote. Marehemu alitunga vitabu tisa. Toleo la pili la mchezo lilipotoka, alitumia miezi saba kubadili hesabu za dadu katika vyote vilivyokuwepo. Hakunung’unika.

Tarehe 4 Januari 2021, toleo la tatu likiwa njiani, kampuni ilituma barua. Ruhusa ya zamani imefutwa. Aliyeitumia asaini mkataba mpya, unaoipa kampuni haki ya kutumia kazi yake itakavyo, au aharibu vitabu vyake vyote ndani ya siku thelathini. Kusaini alikataa. Watunzi wenzake nao walikataa, lakini barua waliitupa, wakaendelea kuuza.

Kinyozi, rafiki yake na mchezaji wa meza yake tangu mwanzo, alimfuata kiwandani. “Dadu, tulia. Watu kila mahali wanapiga kelele. Hawa watarudi nyuma.”

“Wametoa tarehe.”

“Tarehe ya nani? Wewe mwanafunzi wao?”

“Kanuni ni zao. Nilizitumia kwa ruhusa yao. Wakisema basi, ni basi.”

Tarehe 2 Februari, saa za chakula cha mchana, alipitisha nakala mia sita kwenye mashine ya kukatia karatasi, kisha akafuta kila kitu kwenye kompyuta. Hakujiwekea hata nakala moja, kwa kuwa barua ilisema vyote. Tarehe 14 kampuni ilitangaza kwamba imewasikia wapenzi wa mchezo, na ruhusa ya zamani inaendelea kama ilivyokuwa. Kinyozi alimsomea tangazo hilo akiwa katikati ya kumnyoa.

“Malizia upande wa kushoto,” marehemu alisema.

Hakutunga tena. Binti yake mkubwa ameiandikia kampuni mara mbili kuhusu jambo hilo, na haijajibu.

Oktoba 2023 alipatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 6 Machi 2024, siku tatu kabla ya kutimiza miaka hamsini na minane. Daktari ameandika shinikizo la damu kwenye cheti cha kifo, na familia imeipokea karatasi hiyo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada yake, na wachezaji wanne wa meza yake. Katika vitabu tisa, sita vimepatikana kwa wachezaji wa zamani, vikiwa na madoa ya chai, na binti yake mkubwa anavichapa upya. Cha nne, cha saba na cha nane havijaonekana. Mwenye kimojawapo akipeleke kwa kinyozi. Kikishanakiliwa atarudishiwa.

Mungu ampumzishe mahali ambapo neno likishatolewa halirudishwi.