Kamba ya Mgomba na RAM ya Deodata

Kijiwe hicho cha Kabanga hakina jina zaidi ya "kwa Saidi", na benchi lake ni kiti cha nyuma cha basi lililofia hapo stendi kabla ya kuvuka kwenda Burundi. Kinakaliwa na watu watano wakibanana, wanne wakiheshimiana. Saidi anauza kahawa na kashata. Baba yake alikuja kutoka Tanga kufungua duka na hakurudi tena. Kando ya birika hukaa Abeli, fundi viatu, anayeitwa Daktari kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kiatu kimekufa. Wa tatu ni Shibuda, wakala wa mabasi, Msukuma mrefu aliyepewa jina la Injinia baada ya kubeba nyaya za mnara wa simu kwa wiki mbili. Alasiri hiyo Mzee Minani alifika akiwa na bahasha ya kaki, akaketi polepole, kama anavyofanya mambo yake yote, na hata kabla ya kupewa kikombe akaiweka bahasha juu ya goti.

— Haiingii, alisema.

— Nini haiingii, mzee wangu? aliuliza Shibuda, ingawa alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyeileta.

— RAM.

Akaitoa. Kilikuwa kijibao chembamba cha kijani, kirefu kama kiganja, chenye safu ya meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja na pengo dogo katikati ya meno hayo. Saidi alikiangalia kwa heshima, akasogeza birika mbali.

— Umeisukuma? aliuliza Shibuda.

— Nimeisukuma. Nilizima mashine, nikachomoa waya, nikasali Salamu Maria, nikaisukuma. Upande mmoja unakaa, upande wa pili unagoma.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, nzito, iliyonunuliwa na marehemu mke wake, Deodata, siku ofisi ya parokia ilipopata mpya. Deodata alikuwa mwalimu wa kwaya. Humo aliandika kitabu chake chote, nyimbo sitini na tatu, na chini ya kila wimbo akaweka sauti yake mwenyewe akifundisha. Baada ya mazishi, mwenyekiti wa kwaya aliiwekea mashine mfumo mpya ili iende kasi, na tangu siku hiyo ilikuwa haiendi. Ukifungua kitabu, kinafika wimbo wa kumi na mbili, kiduara kinaanza kuzunguka, mashine inaganda. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa misa ya mwaka mmoja tangu Deodata azikwe, na kwaya ilitaka kuimba wimbo wa hamsini na nane, wa mwisho kuwafundisha akiwa mgonjwa, ambao nusu yake hawaikumbuki na haujaandikwa mahali pengine popote.

Taufiki, mwenye duka la kompyuta Ngara mjini, alisema kwa simu kwamba RAM ni pale mashine inapofanyia kazi muda huo, na hii ina giga mbili tu, iongezewe nne. Alisema pia: "Itoe hiyo ya zamani, mzee, uniletee niione aina yake." Hapo ndipo Minani alipokwama. Kwake yeye, ile ya zamani ndiyo iliyokuwa imeshika nyimbo. Ukisema kitu kinaitwa kumbukumbu ya kompyuta, na wewe una mke aliyekwenda, hukichomoi na kukipa basi. Badala yake alikata kamba ya mgomba, akapima nafasi tupu iliyo kando ya ile ya zamani, kama mtu anavyopima mguu wa mtoto kumwagizia viatu vya shule, akampa Shibuda.

— Mimi nilipeleka kamba, alisema Shibuda, akijitetea kabla hajashtakiwa. Nikamwambia yule mtu wa kaunta, si Taufiki, Taufiki hakuwepo, nikamwambia nipe RAM ya kompyuta ya mezani, giga nne, urefu ni huu. Akaiweka juu ya kamba. Sawasawa! Hata unywele haukuzidi.

— Kamba haina kosa, alisema Abeli. Nimepima miguu ya Kabanga hii miaka ishirini na mbili kwa kamba. Hakuna aliyerudi.

— Hawarudi kwa sababu hawawezi kutembea, alisema Saidi.

— Wewe mimina kahawa.

Saidi akamimina. Minani alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakishika bila kunywa.

— Kuna flashi, alisema Shibuda. Hamishia kitabu kwenye flashi, upeleke mashine nyingine. Basi, kazi imekwisha, kiroho safi.

— Nimejaribu. Inaganda kabla haijaiona flashi.

Abeli alivaa miwani, akakichukua kile kijibao, akakigeuza kama anavyogeuza kiatu kilichotoboka. Akaona pengo.

— Ugonjwa huu hapa. Hili pengo. Kwenye mashine kuna kinundu kimesimama?

— Kuna kigingi kidogo, alisema Minani. Hakikutani na hilo pengo. Kinakutana na meno.

— Basi ni jambo la dakika tano. Tunafungua pengo jingine mbele kidogo. Tupa ninayo.

Na kweli alivuta kisanduku chake, akatoa tupa ndogo anayolainishia visigino.

— Ngoja, Daktari, alisema Saidi. Ukikata meno, hayo yaliyokatwa yalikuwa na kazi gani?

— Meno yako mengi. Hesabu. Binadamu anaishi hata na manane.

— Mimi naona isikatwe, alisema Shibuda. Tatizo ni ugeni. Hiyo imetoka dukani, ile ina miaka kumi ndani ya nyumba. Zilazwe pamoja kwenye kasha siku mbili, zizoeane. Kule mnarani tulikuwa tunafanya hivyo.

— Mlikuwa mnalaza nyaya? aliuliza Saidi.

— Tulikuwa tunalala sisi. Nyaya zilikuwa chini yetu.

Minani alisikiliza hadi mwisho. Ilikuwa desturi yake kumsikiliza kila mtu hadi mwisho, hata pale ambapo mwisho ulikuwa mbali.

— Mimi siogopi kuingia kwake, alisema. Naogopa nyimbo. Ikiingia hii mpya, zile za Deodata zitakaa wapi?

Hapo kijiwe kiliamka.

— Hilo nalijua, alisema Shibuda. Ni kama basi. Abiria wapya wakipanda, wa zamani wanasogea nyuma. Ukijaza giga nne kwa mkupuo, wimbo wa kwanza unajikuta mlango wa nyuma. Kona moja tu, umeanguka.

— Basi lenu ndilo linaloangusha watu, alisema Saidi. Mimi nafikiri zinachanganyika. Ukimimina kahawa mpya juu ya kahawa ya jana, huipati ya jana wala ya leo. Mzee atafungua wimbo wa hamsini na nane, atasikia sauti ya mama Deodata, lakini inasoma bei za dukani kwa Taufiki.

— Astaghafiru, Saidi, alisema Shibuda.

— Nasema ninavyofikiri.

Abeli alikuwa bado ameshika tupa. Aliiweka juu ya paja, akainua kiatu kimoja cha kike kutoka kwenye rundo, akachomoa soli ya ndani na kumwonyesha Minani. Juu ya ngozi ile kulikuwa na alama nyeusi ya unyayo, vidole vyote vitano.

— Mwenye kiatu hiki sijawahi kumwona, alisema. Kimeletwa na mtu aliyetumwa. Lakini mguu wake naujua. Kidole gumba kinaelemea ndani, kisigino kinakanyaga nje. Kitu kikitumiwa na mtu mmoja miaka kumi, kinamshika. Ile RAM ya zamani, Minani, ina Deodata ndani yake. Ukiitoa, usiiguse kwa vidole.

Lori la saruji lilipita kuelekea mpakani, na vumbi lake likasubiriwa litulie.

— Ndiyo maana siitoi, alisema Minani.

Alikuwa ameishi na jambo hilo mwaka mzima. Kasha alilifuta kwa nje tu, kwa kitambaa kibichi, na ndani hakugusa hadi alipopima kwa kamba. Asubuhi baada ya sala aliiwasha mashine, akasikiliza pangaboi lake likivuma, akaizima. Aliona kwamba sasa amebakiwa na njia moja, nayo ni tupa ya Abeli. Jumapili haikuwa mbali, na mkato mdogo kwenye kitu kipya alihesabu kuwa afadhali kuliko kukigusa cha zamani.

— Kata, Daktari, alisema. Kata taratibu.

Abeli akakibana kijibao katikati ya magoti.

Wakati huo mama mmoja aliyekuwa akisubiri gari la Keza alisogea na kapu la maparachichi, akaomba nafasi kwenye benchi. Walijibana, wakawa watano.

— Shikamoni, wazee.

— Marahaba, mama. Nani mwenzetu?

— Tecla. Naomba kahawa moja.

Alikunywa funda la kwanza akiangalia tupa, la pili akimwangalia Minani, ambaye alikuwa ameinamisha uso na midomo yake ikitembea.

— Kuna mgonjwa?

Shibuda akamweleza yote: kitabu, misa ya Jumapili, kamba, pengo, na nyimbo zilizomo kwenye RAM ya zamani. Alieleza vizuri, akaongezea na mnara.

— Mimi kompyuta siijui, alisema Tecla. Samahani, baba, nikuulize. Huku kwenu umeme haukatiki?

— Unakatika, alisema Saidi. Jumanne ulikatika mara tatu.

— Na mama alipokuwa anaandika, ukikatika, ilikuwaje?

Minani alifikiri. Halikuwa swali gumu, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza, na yeye hakujibu kitu bila kukiangalia kwanza.

— Alikuwa anapiga meza kwa kiganja, alisema. Anasema, "Ubeti wangu umekwenda!" Kile alichokuwa anaandika muda huo kinapotea. Basi anaandika upya kwenye karatasi yoyote iliyo karibu, na umeme ukirudi anakipiga tena chapa.

— Karatasi ziko wapi? aliruka Shibuda.

— Alikuwa anawashia jiko.

— Na nyimbo za zamani? aliuliza Tecla. Umeme ukirudi, zilikuwepo?

— Zilikuwepo. Zote.

— Na Jumanne, baada ya kukatika mara tatu?

— Zipo. Nimefungua jana, nikafika wa kumi na mbili.

Tecla akarudi kwenye kahawa yake. Minani ndiye aliyeendelea, kwa sauti ya chini, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

— Basi humo ndani kuna mahali pawili. Kuna panaposahau umeme ukikatika, na kuna pasiposahau. Taufiki alisema RAM ni pale mashine inapofanyia kazi muda huo. Muda huo. Mimi sikumsikia. Ubeti uliokuwa unapotea ndio uliokuwa kwenye RAM. Nyimbo ziko pale pengine.

Akaweka kikombe chini.

— Kwa hiyo hiyo ya zamani haina kitu. Imesahau Jumanne mara tatu. Imesahau kila asubuhi nilipoizima. Mwaka mzima nimelinda kitu kitupu.

Saidi alisema Alhamdulillah, kisha akaona huenda si mahali pake, akainama kupuliza mkaa. Abeli aliondoa tupa bila kuambiwa. Kwenye ukingo wa kijibao kulikuwa na mkwaruzo mmoja mdogo wa kijani, nje kidogo ya meno, naye aliupangusa kwa kidole gumba.

— Haujafika popote, alisema.

Nyumba ya Minani iko nyuma ya stendi. Alikwenda, akakaa muda mrefu kuliko safari yenyewe, akarudi na leso nyeupe iliyokunjwa mara nne. Aliifungua juu ya benchi. Wakaviweka vijibao viwili sambamba. Urefu ulikuwa mmoja, kamba ya mgomba haikudanganya. Lakini pengo la ile ya zamani lilikuwa limekaa upande zaidi, na la mpya karibu na katikati. Abeli akasoma karatasi zilizobandikwa juu yavyo.

— Hii mpya inasema DDR4. Hii ya marehemu DDR3.

— Tofauti ni moja tu, alisema Shibuda.

— Ndiyo hiyo moja iliyogoma, alisema Saidi.

Basi la Ngara lilikuwa limeanza kupiga honi. Shibuda akasimama, akavuta shati.

— Lete zote mbili, mzee. Safari hii naonana na Taufiki mwenyewe. Namwambia, nataka kama hii, meno kama haya, pengo kama hili. Naibadilisha na kesho saa nne iko mkononi mwako.

Minani aliikunja leso. Aliishika kwa muda ambao honi ilipigwa mara mbili. Kisha akampa, na Shibuda akaiweka mfuko wa shati, upande wa kushoto, akafunga kifungo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Basi likaondoka. Tecla alikuwa anaangalia barabara ya Keza, ambako gari lake lilikuwa bado halijaonekana.

— Baba, alisema, zile beti zilizokuwa zinakatwa na umeme. Alipoandika upya, aliandika zile zile, au alikuwa anatunga nyingine?

Saidi aliangalia ndani ya birika. Mzee Minani alilifikiria swali hilo kwa haki, akarudi nyuma usiku mmoja baada ya mwingine.

— Sijui, mama, alisema. Mimi nilikuwa nashika taa.