Paa la Kaskazini la Hosoe Yasaburo

Hapana, Mwenyekiti Minobe, zile yeni milioni tatu ulizozichomeka kati ya rambirambi asubuhi hii, ukaniambia, "Pokea, Tamotsu, ajiri mafundi wamalize paa la kaka yako, tusiaibishane mbele ya wageni," nami nikakuuliza mbona marehemu hajatoka ndani na wewe umeshaanza kumlipa kama kibarua, zimo mezani hapo, uzichukue ukiondoka, sasa nisome nilichoandika.

Kaka yangu Hosoe Yasaburo alizaliwa tarehe 9 Februari 1940 hapa hapa Kuwahara, akasoma shule ya bondeni hadi 1955, akaacha ili mimi niendelee, nami sikumaliza, lakini hilo ni langu. Alirithi kazi ya baba, kuezeka nyasi kwa yui, leo kijiji kizima juu ya paa lako, kesho juu ya la jirani, bila kulipana hata yeni moja. Tarehe 3 Novemba 1966 alimwoa shemeji yangu Fusae, wakajaliwa Mitsue na Noriaki, tunao hapa.

Wageni walipoanza kuja kutazama nyumba zetu, mlikubaliana zianze kuezekwa upya za barabarani, kaka akapanda kila paa, la kwake likasubiri kwa kuwa liko nyuma na halipigwi picha, na zamu yake ilipofika mwaka jana mkasema mna wageni wa kulala.

Tarehe 12 Novemba 2023 alipanda peke yake upande wa kaskazini, unaovuja. Mnajua sindano ya kuezekea ni ya watu wawili, wa juu anaichoma na wa darini anairudisha na kamba, na shemeji, kwa miaka yake themanini na moja, ngazi ya darini haiwezi tena, kwa hiyo kaka alichoma, akashuka, akaingia darini, akairudisha, akapanda tena, tangu asubuhi, hadi mguu ulipoteleza. Alivunjika nyonga, ikafuata homa ya mapafu, akafariki hospitalini tarehe 4 Desemba, saa kumi alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba, na wewe pia, Minobe, kwani gari lilikuwa lako na uliliendesha vizuri.

Kaka, pumzika kwa amani, huna deni na mtu. Ninyi wengine, theluji ikiisha, tarehe 20 Aprili, saa moja asubuhi, kila nyumba ilete watu wawili, mmoja wa juu na mmoja wa darini.