Mzee Hhando wa Samansi Anapumzika

Ijumaa tarehe 27 Juni, Bwana Baltazar Hhando atasaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na miwili na miezi minne, yote katika kazi moja: kupeleka samansi, yaani hati za kuitwa shaurini, za Baraza letu la Ardhi na Nyumba, kuanzia Mbulu hadi mwisho wa Hanang. Kamati ya sherehe imenipa mimi, karani wa masjala, heshima ya kuandika wasifu wake. Nadhani ni kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza.

Mzee Hhando ni mzaliwa wa Bashay. Alianza kazi akiwa na sweta moja na baiskeli ya kuazima, na samansi moja ya kijiji cha Dirma ilimchukua siku mbili. Baadaye alipewa pikipiki, ikafa. Akapewa nyingine, ndiyo hiyo iliyofunikwa turubai nyuma ya ofisi. Yeye peke yake ndiye anayejua kuiwasha, kwa hiyo atakayemrithi ajiandae kusukuma.

Wenye nyumba wengi wa wilaya hizi mbili wamepata somo lake pale dirishani kwetu. Wanakuja wamevimba, wanataka mpangaji atoke leo. Mzee Hhando anawasikiliza mpaka mwisho, kisha anawaambia kwamba mpangaji hatolewi kwa msuli. Kwanza umpe notisi. Muda ukiisha na bado yupo, ulete maombi Barazani, naye aitwe, asikilizwe. Ukishinda, uombe amri, na hata hapo mpangaji apewe siku zake za kujiandaa. Mmoja wa Dongobesh aliona hiyo ni safari ndefu, akang'oa mlango wa mpangaji wake na kuondoka nao kwa bodaboda. Mzee Hhando alimfuata hadi kwake na kumrudisha kwa miguu, mlango kichwani, yeye akitembea pembeni na kumsalimia kila waliyekutana naye. Dongobesh bado wanacheka.

Lakini nisiandike mzaha tu. Huku kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajakaa na kupewa chochote. Mzee Hhando alijiwekea sharti: nyumba anayopeleka karatasi haingii ndani, wala hanywi hata maji. Alisema ukishakula kwa mtu huwezi tena kumletea amri ya kuhama, na ukimletea hatakusamehe. Basi alisimama nje, akaita jina, akaomba saini, akaondoka. Lilikuwa sharti zuri kwa kazi. Kwa binadamu sina hakika, maana kwa miaka thelathini na miwili hizo ni nyumba nyingi mno. Watu walipoiona pikipiki yake waliwaita watoto ndani. Hata siku alizopita akienda zake sokoni, watu walinyamaza mpaka apite.

Kosa lake kubwa lilitokana na sharti hilohilo. Mwaka 2016 alipeleka samansi Katesh kwa Bi. Raudha, mjane na fundi cherehani. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa msibani, hakukuwa na wa kumwonyesha. Mzee Hhando aliita kwenye mlango wa mbele, kimya. Akabandika karatasi mlangoni kama taratibu zinavyoruhusu, akarudi na kuapa kwamba ameifikisha. Kumbe chumba cha mbele kilikuwa stoo ya mahindi ya mwenye nyumba, na Raudha alipanga nyumba ya uani. Mzee angeingia hatua kumi tu angesikia cherehani.

Shauri lilisikilizwa upande mmoja, amri ikatoka. Siku ya kumtoa, Mzee Hhando alikwenda na dalali wa Baraza, mtekelezaji wa amri, kumwonyesha nyumba. Raudha alitoka uani, futi ya kupimia shingoni, akamwamkia.

"Shikamoo baba. Hii kesi ndiyo naisikia leo."

Mzee alitazama mlango wa mbele, akatazama uani, akaelewa. Akamwambia dalali asimamishe kazi. Dalali alimjibu, "Mzee, wewe kazi yako ni kunionyesha nyumba, na umeshanionyesha." Alisema kweli, mpeleka samansi hana mamlaka ya kuzuia amri. Basi Mzee Hhando alikaa chini katikati ya mlango wa Raudha, na upepo wa Katesh tunaujua, akampigia simu Mwenyekiti wa Baraza. Hakuinuka mpaka ikaamriwa wasubiri.

Kesho yake alikuja mezani kwangu nimwandikie kiapo kipya, cha kusema kwamba kile cha kwanza hakikuwa sahihi. Nilimwonya kwamba anajichongea. Alisema, "Andika, Evaline. Yule mama hajasikilizwa." Nikaandika. Hukumu ilitenguliwa, naye akapewa onyo la maandishi, na cheo alichokingoja miaka sita kikampita. Raudha alisikilizwa, na akashindwa, maana mkataba wake ulikuwa umekwisha kweli. Lakini alipewa miezi mitatu ya kutafuta pengine, akaondoka na cherehani yake mchana kweupe, ufunguo akaukabidhi kwa mkono wake. Tangu hapo Mzee Hhando aliingia kila ua na kuuzunguka, ila kunywa hakunywa. Alisema kosa lilikuwa la miguu, si la kinywa.

Mwezi uliopita nilimpa fomu ya wageni wa sherehe, yenye nafasi kumi. Aliandika majina mawili ya wanawe walio Dodoma na Mwanza, kisha akayafuta, kwa kuwa hawakupata ruhusa kazini. Mkewe, mama yetu Paskalina, alitangulia mbele ya haki miaka minane iliyopita. Nilipomuuliza kuhusu nafasi nyingine alisema bila kinyongo, "Mimi nimefika kwa kila mtu, Evaline. Kwangu hakuna anayefika."

Nimekaa naye ofisi moja miaka kumi na tisa. Alipokula viazi vyake peke yake kibarazani nilijiambia anapenda utulivu. Alipomzika mkewe, wenzangu walikwenda, mimi nikabaki kushika ofisi. Bashay si mbali, na sijawahi kufika kwake. Naandika haya kwa aibu, na nimeiomba kamati isiyafute.

Mzee wetu, asante kwa kila mlango uliousimamia, na zaidi kwa ule mmoja ulioukalia. Mungu akupe afya, mvua za wakati wake na mahindi ya kutosha. Jumapili baada ya ibada, sisi wote wa masjala tutakuja Bashay. Utakapotuona usianze kujiuliza tumeleta karatasi gani. Tunakuja kukaa.