Marvelle Tidwell na Wimbo Alioukwepa

Tarehe 30 Septemba Bi Marvelle Tidwell anastaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na minne ya kuachwa na wanaume hadharani, kwa gitaa, katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii, ambako basi letu halifiki. Bendi imeamua kumuaga kwa kuku wa kukaanga na pai ya mapichi. Mimi mpiga fidla wake nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake, kwa sababu mpiga ngoma hawezi kutulia kwenye kiti.

Alianza akiwa mhudumu wa mgahawa wa kando ya barabara kuu, nje kidogo ya Nashville. Mchumba wake wa kwanza, Garland Pruitt, daktari wa meno, alimwacha siku aliyomng'oa jino, ganzi ikiwa haijaisha. Marvelle akatunga "Mdomo Hauhisi Kitu". Wimbo ukapanda chati, na Garland akahamia Oklahoma kwa aibu.

Redio hazikujua zimweke wapi. Zile za muziki wa kantri zililalamika kwamba ngoma zimezidi, zile za pop zikalalamika kwamba fidla imezidi. Akarekodi kila wimbo mara mbili, mara moja bila ngoma, mara moja bila mimi. Zote zikalalamika tena, safari hii kwamba kuna kitu kimepungua. Basi akaturudisha sote, na hapo ndipo alipoanza kujaza viwanja.

Tatizo lake lilikuwa moja. Baada ya Garland alimtungia kijana mwingine "Kaa Hapa, Curtis", na Curtis akaondoka wiki hiyohiyo. Akamwimba mbwa wake Biskuti, mbwa akahamia kwa jirani na kunenepa huko. Akaimba pikapu, ikaibiwa. Marvelle akaamini kabisa kwamba chochote anachokiimba humkimbia.

Ndiyo maana Delbert hakuwa na wimbo. Delbert ni mumewe na dereva wa basi letu, mtu mpole ambaye huongea hasa na vioo vya pembeni. Kila albamu ilipotoka aliisoma orodha ya nyimbo akiwa amesimama jikoni, kisha akaenda kuosha basi, hata kama lilikuwa safi. Lilikuwa basi safi kuliko yote Tennessee, na sote tulijua sababu.

"Hata mashine ya kuoshea vyombo ina wimbo," alisema mara moja tukinywa kahawa, "na mimi ndiye niliyekuwa naitengeneza."

"Mashine ile ilikufa Jumatatu iliyofuata, Delbert," Marvelle akamjibu. "Sasa sema, mpenzi, unataka nikuimbe au unataka kuzeeka na mimi?"

"Vyote viwili."

"Una tamaa wewe."

Onyesho la mwisho lilikuwa Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi wa maonyesho ya kilimo ya kaunti, kati ya mashindano ya pai na banda la nguruwe. Alipofika kwenye wimbo wa kufungia aliivua kofia yake, jambo ambalo halifanyi kwa kuwa nywele hubaki na umbo la kofia. Akasema kwamba sasa kazi imekwisha, na mume wake amesubiri vya kutosha, na yeye anaogopa lakini ataimba. Wimbo unaitwa "Delbert, Egesha Basi".

Katikati ya ubeti wa pili Delbert aliinuka, akaweka bisi zake chini, akavaa kofia na kutoka.

Sauti ya Marvelle ikakatika. Mimi niliendelea kupiga, maana fidla iliumbiwa nyakati za namna hiyo.

"Kaondoka kweli?" mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza.

"Si yumo kwenye wimbo," mwenzake akamjibu. "Wanaoimbwa huwa wanaondoka."

Tulirudia kiitikio mpaka kikatuchosha. Marvelle alisimama pale, macho mlangoni, na niseme wazi kwamba niliumia kumtazama. Ndipo tukasikia nje ule mlio wa basi linalorudi kinyumenyume, polepole sana, kisha injini ikazimwa.

Delbert akaingia akiwa anatoka jasho, akapanda jukwaani na kuzitundika funguo kwenye kipaza sauti.

"Umesema niegeshe," alisema. "Nimeegesha. Lilikuwa limeziba mlango wa nguruwe."

Marvelle alilia kwa dakika kadhaa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakulipwa kwa hilo.

Bi Marvelle, asante kwa nyimbo, kwa mishahara, na kwa kunirudisha kwenye rekodi. Funguo tunazo, ila Delbert naye kastaafu na hakuna mwingine anayeliweza basi lile, kwa hiyo chakula cha kuwaaga kitaliwa palepale lilipo, jirani na nguruwe. Tunawaombea mzeeke wote wawili, taratibu, mkiwa mmeegesha.